Msiba Usio na Mwenyewe

Sehemu ya Tisa

Gari la mwisho katika ule msafara wa mazishi lilikuwa la Effie mwenyewe.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na najua wapo walionitukana. Haya, tuendelee kabla hamjachoka na mimi.

Halikuwa gari linalofanana na la Effie. Lilikuwa lake hasa, la kijivu, lenye taa ya kushoto iliyopasuka. Lilipita polepole katika ukungu wa Mlima wa Wafaransa, taa zikiwaka mchana kweupe, nyuma ya magari mengine yote ya ule msiba. Na Effie wa damu na nyama alikuwa amesimama kando ya barabara na mama yake na mdogo wake Lauchie, vichwa vimeinama, kama watu wa kisiwa cha Cape Breton wanavyofanya jeneza linapopita. Mtu wa kule hata akiwa anakimbizwa na polisi, akikutana na msiba ataweka gari kando, atashuka, atavua kofia.

Kwenye usukani alikaa Effie. Pembeni yake alikaa mama yake, Bi Peigi. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Lauchie hakuwemo.

Effie alipogeuka kulitazama tena, ukungu ulikuwa umeshalimeza. Barabara ilikuwa kimya.

"Kitangulizi," alisema Bi Peigi.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Kule hata mtoto anajua kwamba msiba huweza kupita barabarani kabla haujatokea, na wanaouona ni wale wale utakaowaliza.

"Kitangulizi cha nani, mama?" Lauchie alicheka. Alikuwa fundi wa mapaa, mrefu kama ngazi yake, na kicheko chake hakikuwahi kuogopa kitu. "Watalii hao! Wamekuja kupiga picha majani mekundu, wamepotea kwenye ukungu, wanafuatana kama bata. Na sisi wajinga tumewavulia kofia."

"Mliwaona waliokuwa kwenye gari la mwisho?" Effie aliuliza.

"Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu," alisema Lauchie. Alilisema haraka mno.

"Mimi niliona," alisema Bi Peigi. "Nilimwona Effie. Mimi sikuwemo."

Ulikuwa uongo mweupe. Effie alijua ni uongo, maana yeye alimwona mama yake pale kwenye kiti, mzima, na kitambaa chake kichwani. Lakini angembishia vipi? Kumbishia ni kusema nani alikosekana.

"Basi ni mimi," Bi Peigi aliendelea, akifungua mlango wa nyuma wa gari kama mtu anayerudi nyumbani kutoka dukani. "Nakohoa tangu kiangazi. Umri wangu si wa kudai nyongeza. Twendeni."

"Tunarudi nyumbani, Margaree," alisema Effie.

"Turudi kufanya nini? Kama siku zangu zimehesabiwa, nataka kumwona mdogo wangu. Morag ametupikia bata mzinga wa sikukuu. Endesha!"

Mnaona jinsi uongo wa mapenzi unavyofunga njia? Ile safari ilikuwa ya siku mbili tu, mwisho wa juma wa Sikukuu ya Shukrani: kuvuka milima, kula kwa Mama Mdogo Morag kule ncha ya kaskazini, kulala, kurudi. Effie angeweza kuigeuza. Sasa mama amejifanya maiti mtarajiwa, na hakuna mwana anayemnyima mama yake ombi la mwisho.

Effie alitoa simu. Alitaka kusikia sauti ya mumewe, Hector, aliyekuwa mbali magharibi kwenye visima vya mafuta vya Alberta, kama nusu ya wanaume wa kijiji chao. Mlimani hakukuwa na mtandao. Tena Jumapili iliyopita walikuwa wamemaliza simu kwa ugomvi. Hector alisema huenda akaja sikukuu, naye Effie akamkata: "Usiniahidi tena, Hector. Nimechoka na ahadi. Nitaamini nikikuona mlangoni."

Aliirudisha simu mfukoni.

"Nipe usukani, dada," alisema Lauchie. "Umekuwa mweupe kama unga."

"Kaa nyuma. Funga mkanda."

"Nyuma? Mimi na miguu hii?"

"Nimesema nyuma!"

Toka hapo Effie akawa askari jela wa ndugu yake. Walipofika mahali pa kutazama bahari, Lauchie alitaka kushuka ajinyooshe. Akakatazwa, kuna genge. Alipowasha sigara, ikanyakuliwa ikatupwa dirishani. Alipofungua mkate wa samaki aliofungiwa na jirani, Effie alisimamisha gari, akauchukua, akauvunja vipande kutafuta mwiba.

"We Effie, una nini leo?" Lauchie aliuliza. "Hata marehemu mke wangu hakunichambulia samaki."

"Hujawahi kuoa, Lauchie."

"Ndiyo maana hakunichambulia."

Bi Peigi alicheka, kikohozi kikamkamata. Effie alitazama kwenye kioo akaona mama yake, katikati ya kile kikohozi, ameushika mkono wa Lauchie na kuung'ang'ania kama mtu aliye kwenye maji mengi. Akawaza kwamba mama hakuwa amemshika Lauchie mkono tangu alipokuwa mtoto.

Waliteremka hadi Pleasant Bay, kijiji kilicho kati ya mlima na mlima. Pale pana pampu ya mafuta na mzee mmoja Mfaransa aitwaye Placide, ambaye kiti chake kiko dirishani na hakuna kinachompita.

Lauchie aliruka nje kabla dada yake hajamkataza.

"Mzee Placide! Hebu mtulize dada yangu. Ule msururu wa watalii, wenye taa zimewashwa, ulipita hapa saa ngapi?"

"Watalii gani?"

"Magari kumi na ushee, bwana. Yametoka kaskazini, yamepanda Mlima wa Wafaransa kuelekea Cheticamp."

Placide alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mlevi wa asubuhi. "Kutoka kaskazini hakujapita hata baiskeli. Mlima wa Kaskazini ulikuwa umefungwa tangu alfajiri. Mvua ya jana imeteremsha tope, imekula ukingo wa barabara upande wa bondeni. Wamefungua sasa hivi. Ninyi ndio wa kwanza kupanda."

"Basi yalianzia hapa kijijini."

"Hapa kijijini? Nionyeshe magari kumi hapa kijijini, nitakupa mafuta ya bure mpaka Krismasi." Akamgeukia Effie. "Kwenye kona kubwa wamefunga kitambaa chekundu. Pita katikati, usiusogelee ukingo. Unaonekana mgumu, lakini chini yake hakuna kitu."

Lauchie alirudi kwenye gari bila mzaha. Alijifunga mkanda mwenyewe.

Walipanda Mlima wa Kaskazini. Miti ilikuwa imewaka rangi nyekundu na ya dhahabu, ukungu ukipita katikati yake, na kwa siku nyingine Effie angesimama kuitazama. Siku hiyo aliona magenge tu. Kwenye kona ya kitambaa chekundu alipita katikati kabisa, kwa mwendo wa konokono.

Walipoanza kuteremka upande wa pili, musi akatokea.

Musi ni mnyama wa milima ile, mrefu kuliko ng'ombe, mwenye pembe pana kama sinia. Huyu alitoka msituni akasimama katikati ya lami kana kwamba amelipia. Effie alikanyaga breki. Gari likateleza, likazunguka, likaelekea kwenye miti.

"Lauchie!" alipiga kelele Bi Peigi. "Lauchie wangu! Lauchie!"

Gari likasimama. Musi akawatazama, akaendelea na shughuli zake.

Hakuna aliyeumia. Lakini Effie aligeuka nyuma, na macho yake hayakuwa na amani.

"Mama. Mbona umeita jina lake? Si ulisema anayekufa ni wewe?"

Bi Peigi akaanza kulia, mama yule ambaye hakulia hata siku ya kumzika mumewe.

"Nilijiona," alisema. "Nilikuwa nimekaa pembeni yako, Effie. Asiyekuwepo ni yeye. Nikasema bora muamini ni mimi, ili asiogope. Mungu anisamehe, nilikuwa najitoa badala yake."

"Na mimi nilikuona," alisema Effie. "Nilijua unadanganya."

Wote wawili walimgeukia Lauchie. Sasa amesikia hukumu yake. Walimtarajia acheke, au apauke, au atoke akimbie.

Lauchie alikuwa ameduwaa.

"Subirini," alisema. "Mama, ulikuwa hai kwenye lile gari? Una hakika?"

"Nilikuwa hai."

"Na Effie ndiye aliyeendesha?"

"Ndiye."

"Ala!" Lauchie alijishika kichwa. "Mimi gari la mwisho sikuliona. Nilikuwa nimeshafumba macho. Niliona gari la mbele, lililobeba jeneza. Gari la mizigo, la kijani, ubavu umebonyea. Aliyekuwa akiliendesha ni mimi. Nilikuwa nalia. Nikajua jeneza ni la mama, ndiyo maana nikasema ni watalii!"

Effie akaanza kucheka.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama akacheka, Lauchie akacheka akipiga kiti kwa ngumi. Watu watatu, asubuhi nzima kila mmoja amebeba maiti ya mwenzake moyoni, kumbe wote watatu walikuwa kwenye mazishi wakiwa wazima!

"Basi ni nani?" Lauchie aliuliza, akijifuta macho.

"Yeyote awaye," alisema Effie, "si wetu."

Nawaomba wasomaji msimlaumu. Nani kati yetu hajawahi kusikia kilio cha jirani akashukuru kwamba si kwake? Lakini kuna maneno yanayosikilizwa, na milima ile ina masikio.

Walifika kwa Mama Mdogo Morag wakiimba.

Nyimbo zikaishia uani. Mbele ya zizi lilisimama gari la mizigo la kijani, ubavu umebonyea.

"Gari la nani hilo?" Effie aliuliza, ingawa alimwona Lauchie amekwisha kukauka kwenye kiti.

"La Baba yenu Mdogo!" alijibu Morag, akitoka jikoni na aproni, mnene, mwenye furaha, akiwabusu mmoja mmoja. "Amelinunua juzi kwa mtu wa Dingwall. Nimemwambia limebonyea kama yeye. Murdoch! Wageni!"

Mzee Murdoch alitoka akichechemea, uso mwekundu, akihema kwa ngazi tatu tu. Effie na Lauchie walitazamana: basi jeneza ni lake. Moyo wa Effie ulimwuma, kwa sababu alimpenda Baba Mdogo Murdoch. Lakini chini ya yale maumivu palikuwa na kitu kingine, naye alikijua, akakionea haya. Kilikuwa ni nafuu.

Walikaa mezani. Bata mzinga alikuwa pale, viazi, karoti, mchuzi, na Murdoch anakula kwa watu wawili huku Effie akimtazama kila akimeza. Hata hivyo Morag hakutaka yule bata akatwe upande wa paja.

"Hilo lina mwenyewe," alisema.

Effie ndipo alipohesabu sahani. Walikuwa watu watano. Sahani zilikuwa sita.

"Mnasubiri mtu, mama mdogo?"

"Mimi? Nimsubiri nani?" Morag aliinuka, akaenda dirishani, akafunua pazia. Ilikuwa mara yake ya nne. Kila mara alirudi na tabasamu dogo zaidi.

"Morag," alisema Bi Peigi. "Unaficha kitu. Ulikuwa hivyo hivyo ulipovunja bakuli la mama."

Morag alisimama katikati ya jiko akikunjakunja aproni. Furaha yote ilikuwa imemtoka.

"Aliniapisha nisiseme," alisema. "Alitaka kukushtua mwenyewe."

Hakumtazama dada yake. Hakumtazama Lauchie. Alipita nyuma ya kiti cha Murdoch, akaja moja kwa moja kwa Effie, akamwekea mkono begani.

"Ni Hector, mwanangu. Amerudi. Amekwenda mpaka Margaree akakuta mmeondoka, akachukua gari la kaka yake awafuate. Alinipigia akiwa Cheticamp, kabla ya kupanda mlima. Alisema nikwambie, ukimwona mlangoni uamini." Aligeuka kutazama dirisha. "Lakini hiyo ni tangu bata hajaiva. Angekuwa amefika zamani, Effie. Angekuwa amefika zamani sana."

Effie hakusikia kiti chake kikianguka.

*Si wetu*, alikuwa amesema. Kwa kinywa chake, akicheka.

Nje ukungu ulikuwa umeteremka hadi kwenye paa la zizi. Lauchie alimpita mbio, ameshapewa ufunguo na Murdoch, na kufumba na kufumbua alikuwa amepanda gari la kijani na kuwasha injini. "Nitangulie!" alipaza sauti. "Hili ni zito, halitelezi! Nyie nifuateni!" Bi Peigi naye alikuwa ameshaingia kwenye gari la kijivu, amekaa mbele, pembeni ya usukani, anamsubiri binti yake.

Effie alisimama katikati ya ua. Akaiona ile picha ya mlimani.

Lauchie mbele, kwenye gari la kijani. Yeye na mama nyuma, kwenye la kijivu. Hakuna aliyewapanga. Walikuwa wamejipanga wenyewe, kwa kuharakisha kuokoa, sawasawa na walivyopangwa kule mlimani. Kilichopungua ni jeneza tu.

"Shuka!" Alimvuta Lauchie kwa koti. "Shuka humo!"

"Dada, tunachelewa!"

"Hukujiona kwenye gari hili? Si ulikuwa wewe? Basi halitaendeshwa na wewe! Nenda kaendeshe langu!"

Lauchie alimwelewa. Alishuka, akamwachia ufunguo.

Hivyo ndivyo Effie alivyotangulia, peke yake, kwenye gari la kijani, na Lauchie na mama wakamfuata. Picha ilikuwa imevunjwa. Akipanda Mlima wa Kaskazini, taa zimewashwa kwa sababu ya ukungu, alijisemea kwa sauti: "Nimeivunja. Umesikia? Nimeivunja." Sijui alikuwa akimwambia nani.

Alivuka kilele. Alianza kuteremka upande wa Pleasant Bay, polepole, maana hakuona zaidi ya urefu wa gari lake. Nyuma taa za Lauchie zilimfuata.

Ghafla ukungu ukafunguka kidogo, na chini, kwenye kona kubwa, akaziona taa mbili zinapanda.

Gari lilikuwa la kaka yake Hector. Lilikuwa zima! Halikuwa na hata mkwaruzo, linakuja taratibu kama gari la mtu mwenye akili anayeogopa ukungu. Alikuwa amechelewa tu, Hector wake, kwa sababu huwa anaendesha kama mzee. Effie alilia kwa furaha, akawasha na kuzima taa kumwashiria.

Lile gari likapunguza mwendo. Likasogea kando, upande wa bondeni. Likasimama. Taa zikazimwa.

Hector alishuka. Alikuwa amevaa lile koti la buluu alilomnunulia yeye. Alisimama kwenye ukingo ule ule aliousema Placide, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Effie hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Hector!" Alishusha kioo cha dirisha. "Hector, ni mimi! Ondoka hapo! Hakuna msiba! Ni mimi!"

Alikanyaga breki mpaka mwisho, na lile gari zito, lisiloteleza, likaanza kuteleza.

Hector aliinua uso. Hakumtazama mkewe. Alitazama nyuma yake, mbali, juu mlimani, na midomo yake ikaanza kusali.

Effie alitazama kwenye kioo.

Hazikuwa taa za Lauchie peke yake. Nyuma ya Lauchie palikuwa na taa nyingine, na nyuma yake nyingine, jozi kwa jozi, zimepangana barabara nzima mpaka kileleni.

Kitambaa chekundu kilipepea karibu na bega la Hector. Alifanya ishara ya msalaba. Kisha, kama alivyofundishwa na baba yake tangu utoto, akarudi nyuma hatua moja, kuupisha msiba.